Uchambuzi wa kisa: Kalenda ya wachoraji wa Bagamoyo iliyokwama kwenye sampuli ya kwanza

Usuli

Kisa hiki ni cha banda moja la wachoraji Bagamoyo, jirani na Mji Mkongwe wa huko. Nimeondoa majina, mwaka, kiasi cha fedha na mada za baadhi ya michoro ili wahusika wasitambulike. Mwendo wa mambo nimeuacha kama ulivyokuwa. Watakaotajwa ni wanne: Fundi, ambaye ndiye mkubwa wa banda, Kijana, mpwa wake, anayeshika simu ya kikundi, Dada, mweka hazina, na Mteja, mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayeuza zawadi kwa wageni. Mimi huwa nafundisha wasanii wa hapa misingi ya picha za kidijitali, na niliitwa sampuli ya kwanza ilipokwisha kuharibika.

Banda linachora kwa mtindo wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi za mafuta za aina iliyotumika kupaka baiskeli. Alifariki mwaka 1972, na waliojifunza kwake wakauendeleza mtindo hadi leo. Historia hii ina uzito katika kisa chetu kwa sababu moja: rangi ya mafuta ikikauka hung'aa kama kioo. Ukiusogelea mchoro utaona dirisha, taa, hata uso wako mwenyewe juu ya mgongo wa chui. Halafu kuna nukta. Fundi huyu hujaza mnyama mzima kwa nukta zenye upana wa milimita mbili hivi, moja moja, kwa ncha ya brashi nyembamba. Wateja wanamjua kwa nukta hizo.

Jambo jingine la usuli ni amri aliyoitoa Fundi miaka kadhaa nyuma. Mchoro wake mmoja ulionekana dukani kwa mtu mwingine, umechapwa kwenye turubai na saini imefutwa. Tangu siku ile alimwagiza Kijana kwamba picha zote za kuonyesha wateja zitumwe ndogo, kwa WhatsApp, ili asiyehusika asiweze kuchapa. Kijana akatii. Simu ilipojaa, alifuta picha kubwa zilizotoka kwenye kamera, akabaki na zile zilizokwisha kupita kwenye WhatsApp.

Oda na sampuli

Mteja aliagiza kalenda ya ukubwa wa A3, kurasa 12, kila ukurasa mchoro mmoja wenye upana wa sentimita 25 na tarehe chini yake. Akaongeza kadi ndogo za posta, na mabango machache ya A2. Alichagua michoro 12 kutoka kwenye kundi la WhatsApp la banda, akalipa advansi, akataka mzigo uwe tayari kabla ya Tamasha la Sanaa na Utamaduni, ambalo TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, huliandaa kila mwaka na kuleta wageni wengi mjini. Kijana akampelekea mchapaji picha zilizokuwa kwenye simu. Hakuna aliyeuliza picha zinatakiwa ziwe na ukubwa gani, na hakuna aliyesema.

Sampuli ikaja na ukurasa mmoja: kundi la kanga wakidonoa. Niliuona ukurasa ule kwenye meza ya Dada. Nukta za mabawani zilikuwa zimeshikana na kuwa kijivu kimoja kilichochafuka. Njano ya nyuma ilikuwa imeelekea kijani, kama embe bichi. Mstari mweupe ulipita kifuani mwa kanga wa katikati, nao ulikuwa mwanga wa tyubulaiti. Na mchoro wenyewe, ambao ni mraba, ulikuwa mpana chini na mwembamba juu.

Fundi aliuangalia kwa muda mrefu, akamwambia mpwa wake, "Huyu si kanga wangu." Kijana akajibu, "Mjomba, picha ndiyo ile ile uliyoiona kwenye simu." Wote wawili walisema kweli. Kwenye kioo cha simu chenye upana wa sentimita saba, picha ile ilipendeza.

Hesabu iliyofafanua tatizo

Kabla ya kuamua lolote niliomba tukae na karatasi na kalamu, maana mle bandani kila mtu alikuwa na mshtakiwa wake: simu ya bei nafuu, mchapaji, Kijana.

Picha ya kidijitali ni vigae vidogo vya rangi vilivyopangwa safu kwa safu, na kila kigae ni pikseli. Simu ya kikundi ina kamera ya megapikseli 12, yaani pikseli 4000 kwa 3000. WhatsApp, usipoiambia vinginevyo, huipunguza picha hiyo hadi upande mrefu uwe kama pikseli 1600, kwa hiyo ule mfupi unabaki 1200. Mchoro wenyewe haukujaza picha yote, kulikuwa na ukuta na mguu wa meza. Ukikata hivyo, mchoro unabakiwa na pikseli kama 1000 kwa kila upande.

Sasa, hadibodi ya Fundi ni sentimita 60 kwa 60. Pikseli 1000 zikigawanywa kwa milimita 600, kila nukta ya milimita mbili inapata pikseli tatu tu. Juu ya hapo, JPEG, aina ya faili inayotumika kuhifadhi picha, hubana picha kwa kuigawa katika vipande vya pikseli nane kwa nane na kutupa tofauti ndogo ndogo ndani ya kila kipande. Kipande kimoja kinabeba nukta kadhaa za Fundi. Zinaposhikana, zimeshikanishwa humo.

Mchapaji naye hufanya kazi kwa kipimo cha pikseli 300 kwa inchi. Sentimita 25 ni inchi 9.84, kwa hiyo anahitaji pikseli 2950 hivi kwa upande. Alipewa 1000, yaani kama 100 kwa inchi. Vijana wa grafiki husema picha imepasuka, na ndicho kilichotokea.

Hesabu ile ile ikaonyesha habari njema. Kamera ya simu ikitumika vizuri, mchoro ukijaza sehemu kubwa ya upande mfupi, tungepata pikseli 2700 hivi. Hizo ni 274 kwa inchi, na zinatosha kalenda ya kutundikwa ukutani. Kila nukta ingepata pikseli tisa.

Maamuzi na sababu zake

Mapendekezo yalikuwa matatu. Dada alitaka advansi irudishwe kabla jina la banda halijaharibika. Mteja alitaka picha zipitishwe kwenye programu ya simu ya kuongeza ubora kwa akili mnemba. Mimi nilipendekeza kupiga upya, kwa simu ile ile.

Tulianza na la Mteja, kwa kuwa ndilo la haraka. Programu ilirudisha kanga safi, wenye kingo kali. Fundi alichukua miwani, akasogeza hadibodi karibu na kompyuta. Mahali alipoweka nukta, programu ilikuwa imeweka mistari kama ya manyoya. Shingoni iliongeza kivuli ambacho hakikuwepo. Programu haikuwa na nukta za kurudisha, kwa sababu zilishapotea, ikabuni kitu kinachofanana na ndege. Fundi akakataa, na nilimuunga mkono bila kusita. Kalenda inabeba saini yake, na mtu akinunua kwa saini hiyo anapaswa kupata mkono huo. Ukungu angalau unasema picha ni mbaya. Manyoya ya kubuni yanamsingizia mchoraji jambo asilolifanya.

Pendekezo la Dada liliwekwa kiporo: Mteja aliombwa asubiri sampuli ya pili, na asiporidhika arudishiwe fedha. Akakubali.

Mahali pa kupigia ndipo tulipobishana zaidi, na ndipo kazi ilipookolewa. Kijana alitaka juani, picha itoke angavu. Jua la moja kwa moja kwenye rangi ya mafuta hutoa madoa meupe ya mng'ao ambayo hakuna programu itakayoyaondoa. Tulichagua baraza la nyumba moja ya zamani ya mawe na chokaa, upande ulio kivulini mchana. Hadibodi haikutundikwa kwenye ukuta unaotazama barabara, kwa sababu pale ingeakisi barabara nzima na anga juu yake. Ilitundikwa kwenye ukuta wa ubavuni, mwanga ukiingia kwa mshazari kutoka upande ulio wazi. Kitu kinachong'aa hurudisha mwanga kwa pembe ile ile uliyoingilia. Kwa hiyo kamera iliyo mbele sawasawa na mchoro inaona, ndani ya mng'ao, kile kilicho nyuma ya kamera. Nyuma ya kamera tulitundika kaniki mbili, zikafunika ukuta wote. Mng'ao ukawa hauna cha kuakisi isipokuwa weusi.

Mabadiliko yalionekana papo hapo. Nyekundu iliyokuwa na utando kama wa maziwa ikaiva, na nukta zikajitokeza moja moja. Fundi mwenyewe aliinama mbele ya simu, akatoa kaniki, akairudisha, akatoa tena, hadi akaridhika kwamba ni kaniki na si ujanja wa simu.

Upande wa ndani wa baraza ulikuwa na giza kidogo, kwa hiyo tulitandaza shuka jeupe pale, kwa mshazari, lirudishe mwanga. Ili kujua kama mwanga umelingana tuliweka vipande vya karatasi nyeupe kwenye pembe nne za hadibodi na kulinganisha weupe wao kwenye kioo cha simu.

Unyoofu wa picha tuliupata kwa vifaa vya mwashi. Timazi ilihakikisha hadibodi imesimama wima. Pima maji ililazwa juu ya simu iliyofungwa kwenye stendi, na lenzi ikawekwa kwenye kimo cha katikati ya mchoro. Kamera ikiinama hata kidogo, mraba hugeuka kuwa umbo la ndoo. Programu inaweza kuunyoosha, lakini kila kunyoosha kunavuta pikseli na kulegeza nukta. Tulitumia lenzi kuu, si ile pana inayopinda kingo, wala hatukuvuta picha karibu kwa vidole, maana kuvuta huko hukata pikseli. Flashi ilizimwa, kipengele cha kupendezesha kikazimwa, na simu ikawekwa ijipige yenyewe baada ya sekunde tatu ili kidole kisiitikise. Mwanga wa picha tuliupunguza kidogo, kwa sababu nyeupe ikifika 255, kiwango cha mwisho cha mwangaza, katika rangi zote tatu, yaani nyekundu, kijani na bluu, basi alama ya brashi ndani ya nukta imekwenda na hairudi.

Faili zilitolewa kwenye simu kwa waya. Kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha kwenye kompyuta, tulikata kingo na kurekebisha rangi kwa kutumia vile vipande vya karatasi: kivuli cha baraza kina ubluu wa anga, na karatasi inaonyesha ni kiasi gani cha kuondoa. Rangi zenyewe alizihukumu Fundi. Alileta vifuniko vya makopo yake, vyenye rangi iliyokauka, akavipanga chini ya kompyuta, akawa anasema, "Punguza. Bado. Hapo." Sijaona kipimo bora kuliko kile kwa banda lisilo na vifaa vya maabara.

Michoro iliyokwisha kuuzwa

Michoro mitatu kati ya 12 haikuwepo. Mmoja ulikuwa ukutani katika nyumba ya wageni hapo hapo Bagamoyo, na mwenyewe aliruhusu upigwe. Wa pili ulikuwa nje ya nchi. Mnunuzi alipelekewa maelekezo, akatuma picha kubwa ya kutosha lakini yenye mng'ao wa dirisha upande mmoja, ikafaa kadi ya posta kwa kukata sehemu hiyo, si kalenda. Wa tatu, mnunuzi hakupatikana. Kwa hiyo kalenda ilikuwa na nafasi mbili wazi. Fundi alichora kazi mbili mpya badala ya kuiga za zamani, na Mteja akaelezwa hivyo waziwazi.

Dada aliuliza kama banda lina haki ya kuchapisha mchoro uliokwisha kuuzwa. Ni swali zuri na wachoraji wachache huliuliza. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kumiliki kitu na kumiliki hakimiliki ya kazi iliyomo ni mambo mawili. Anayenunua hadibodi hajanunua haki ya kunakili mchoro, isipokuwa wamepatana hivyo. Hapa hapakuwa na mapatano ya namna hiyo.

Matokeo

Sampuli ya pili ilikubaliwa, kwa tatizo moja. Bluu ya bahari ya Fundi ni kali sana, na kioo cha kompyuta, kinachotengeneza rangi kwa mwanga, kiliionyesha vizuri. Mashine ya kuchapa huchanganya wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi, na kuna bluu, kijani na chungwa angavu ambazo wino hizo hazizifikii. Bahari ilitoka imepoa, na samaki wa zambarau karibu wazame ndani yake. Fundi aliamua bahari iachwe ipoe lakini samaki waongezwe weupe kidogo ili wabaki mbali na maji. Aliangalia uhusiano wa rangi mbili, akaacha kuhangaika na rangi moja. Uamuzi wa namna hiyo anaufanya mchoraji, mtu wa kompyuta peke yake asingeujua.

Kalenda zilichapwa, lakini zilichelewa, na Mteja akapunguza idadi. Kadi zilitoka. Mabango ya A2 yalifutwa. Tulijaribu kupata pikseli zaidi kwa kupiga kila mchoro vipande vinne na kuviunganisha, lakini kila simu iliposogezwa mng'ao nao ulihama, na maungio yakaonekana kama nyufa. Mchapaji hakutaka kuyachapa, na alikuwa sahihi.

Kilichofaa na kilichokwama

Wengi waliosikia kisa hiki walimlaumu Kijana kwa kutuma picha ndogo. Siafiki. Kutuma ndogo ilikuwa amri ya Fundi, na ilikuwa na sababu iliyotokana na wizi wa kweli. Picha ndogo kwa macho ya watu wote ni kinga nzuri mpaka leo. Hasara ilikuwa kufuta ile kubwa. Tangu rangi ikauke hadi mnunuzi aondoke, mchoro una nafasi moja tu ya kupigwa vizuri nyumbani kwake, na banda lilikuwa likiipoteza nafasi hiyo kila wiki bila kujua, kwa sababu kupiga picha kulihesabiwa kuwa sehemu ya kutangaza, si sehemu ya kuchora. Kijana alikuwa akifanya kazi hiyo usiku, chini ya tyubulaiti, bila malipo, kwa simu isiyo na nafasi.

Kosa la pili ni la pande zote mbili za oda: advansi ilitolewa na kupokelewa kabla ya mtu yeyote kusema sentimita na pikseli. Swali moja kwa mchapaji lingefichua yote kabla wino haujatumika.

Mabango ya A2 yalistahili kukataliwa tangu mwanzo. Pikseli 2700 kwenye upana wa sentimita 40 ni kama 170 kwa inchi. Kwa picha ya mandhari inayotazamwa kwa mbali zingetosha, lakini kwa michoro ambayo watu huisogelea kuhesabu nukta ni chache. Kwa kazi hiyo kamera yenye pikseli nyingi zaidi ingekodiwa, na gharama yake kuingizwa kwenye bei.

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba maamuzi ya rangi yalibaki mikononi mwa Fundi. Nimeona miradi ambayo mtu wa kompyuta anapendezesha kila kitu kwa macho yake, na michoro ya wachoraji watano inatoka na sura moja. Vifuniko vya makopo vilizuia hilo.

Sasa hivi bandani mchoro hautolewi ukutani kwa mnunuzi kabla haujapigwa barazani. Picha kubwa inakaa kwenye flashi mbili za kompyuta, moja kwa Dada na nyingine kwa mchoraji mwenyewe, na jina la faili lina jina la mchoraji, mwaka na vipimo vya hadibodi. Ndogo ndiyo inayokwenda WhatsApp. Ikibidi kubwa itumwe kwa mchapaji, inatumwa kama dokumenti ili isipunguzwe. Kijana analipwa kwa kila mchoro anaoupiga, fungu dogo linalotoka kwenye mauzo. Jambo moja bado wanabishania: mchoraji akihama banda, flashi ya Dada ibaki na picha zake au zifutwe. Fundi anasema zifutwe, Dada anasema zibaki kama kumbukumbu lakini zisichapwe bila ruhusa yake kwa maandishi, na kikao cha mwisho kiliahirishwa bila jibu.